Nani apande ulingo wa wanawake: jeni, homoni na ugomvi wa ndondi

Ukikaa kwenye baraza za Lamu jioni, jina la bondia Imane Khelif wa Algeria bado lazua ubishi. Mmoja atasema yule ni mwanamume aliyejibadilisha. Wa pili atasema ni mwanamke kama mamake, pasipoti imeandika hivyo. Wa tatu ataleta habari za testosteroni, homoni ya kiume, alizosoma kwenye simu. Kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe, ndiyo maana ubishi haumaliziki hata birika la kahawa likikauka.

Maswali yenyewe ni matatu. La kwanza ni la cheti na malezi: mtu huyu aliandikishwa nani alipozaliwa, na amekua vipi. La pili ni la mwili: ana kromosomu gani, homoni zake zikoje, na je, misuli na mifupa yake ilizitumia homoni hizo? La tatu haliulizwi sana barazani, ingawa ndilo lililoharibu mambo kwenye Olimpiki ya Paris 2024: nani ana mamlaka ya kupima, kwa kanuni iliyotangazwa lini, na matokeo yanakwenda kwa nani?

Kwanza tuondoe dhana moja. Khelif hakubadili jinsia. Alizaliwa Algeria mwaka 1999, akaandikishwa msichana, akalelewa msichana, na ndondi amezicheza upande wa wanawake. Bondia mwenzake Lin Yu-ting wa Taiwan ni vivyo hivyo. Mtu aliyezaliwa mwanamume kisha akabadilika ni habari nyingine yenye kanuni zake. Mmarekani Fallon Fox, aliyepigana MMA, mapigano ya mseto wa ngumi, mateke na mieleka, kati ya 2012 na 2014, ndiye hutajwa zaidi. Anayechanganya mambo haya mawili atakosea kila hatua inayofuata.

Delhi, kisha Paris

Machi 2023, kwenye mashindano ya dunia ya wanawake mjini New Delhi, chama cha ndondi cha kimataifa IBA kiliwaondoa Khelif na Lin. Khelif alikuwa amebakiza fainali dhidi ya Yang Liu wa China. Lin alinyang'anywa shaba aliyokwisha kuishinda. IBA, chini ya rais wake Mrusi Umar Kremlev, ilisema wawili hao walipimwa Istanbul 2022 na tena Delhi 2023, wakakosa masharti. Haikuchapisha matokeo. Baadaye ilieleza kwamba kilichopimwa hakikuwa testosteroni bali kitu kingine, na kwamba ni siri. Waliokuwa wakifuatilia waliona pia kwamba Khelif aliondolewa siku chache baada ya kumshinda bondia wa Urusi ambaye hadi hapo hakuwa amepoteza pigano.

Huku nyuma IBA yenyewe ilikuwa na kesi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, iliisimamisha mwaka 2019 kwa sababu ya uongozi, fedha na uamuzi wa marefa, ikaifutia utambuzi Juni 2023, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ikaukubali uamuzi huo Aprili 2024. Ndiyo sababu ndondi za Paris ziliendeshwa na kitengo cha IOC, na sharti la jinsia lilikuwa moja tu: pasipoti. Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka Tokyo, ambako wote wawili walicheza bila zogo, Khelif akatolewa robo fainali na Kellie Harrington wa Ireland.

Alhamisi ya 1 Agosti 2024 Angela Carini wa Italia alipigwa konde la uso na Khelif, akaacha pigano sekunde ya 46. Dunia ikawaka. Khelif akaendelea hadi dhahabu ya kilo 66 tarehe 9 Agosti, akimshinda Yang Liu yule yule aliyenyimwa kukutana naye Delhi, na siku iliyofuata Lin akachukua ya kilo 57. Carini baadaye alimwomba radhi mwenzake.

Hapa pande zote mbili hutumia hoja mbovu. Wanaomtetea Khelif husema: mbona alishapigwa na wanawake wengi? Kweli alishapigwa, Amy Broadhurst wa Ireland alimshinda kwenye fainali ya dunia ya 2022. Lakini kushindwa hakuthibitishi lolote kuhusu mwili wa mtu. Wapo wanaume wengi ambao Broadhurst angewalaza. Wanaompinga nao husema: tazama uso wake, tazama mabega. Uso haupimi kitu. Wanawake warefu wenye taya pana wamejaa ndondi tangu mchezo huo uingie Olimpiki kwa wanawake, London 2012.

Mwili unavyojengeka

Binadamu ana kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, jozi 23. Jozi ya mwisho kwa kawaida ni XX kwa mwanamke na XY kwa mwanamume. Kwenye mkono mfupi wa Y kuna jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990. Mimba ikifika wiki ya sita au ya saba, SRY ikiwapo na ikifanya kazi, tezi zile changa hugeuka korodani. Isipokuwapo, huelekea kuwa ovari. Korodani huanza kutoa testosteroni, na hiyo ndiyo inayojenga mengine.

Kila hatua kati ya hizo inaweza kukatika. Ndipo penye kiini cha mabishano yote haya.

Chukua hali ya kwanza, upungufu wa kimeng'enya cha 5-alfa-reduktezi. Mtoto ni XY, ana SRY, ana korodani zilizobaki tumboni au kwenye kinena. Testosteroni anayo, lakini mwili wake hauwezi kuigeuza kuwa dihaidrotestosteroni, ambayo ndiyo inayounda maumbile ya nje ya kiume kabla ya kuzaliwa. Mkunga anamwona msichana, na hakosei kwa anachokiona. Miaka inakwenda. Umri wa kubalehe ukifika, testosteroni yapanda kufikia kiwango cha kiume, sauti yaweza kuwa nzito, misuli yajengeka, hedhi haiji. Kwa ulingo, mwili huyu umepata faida ya balehe ya kiume, ijapokuwa mwenyewe hakufanya hila yoyote.

Chukua ya pili, kutohisi androjeni, yaani homoni za kiume, kabisa. Huyu naye ni XY, ana SRY, ana korodani ndani, na testosteroni yake iko juu. Ila seli zake hazina kipokezi kinachofanya kazi: simu yalia, hakuna wa kuipokea. Anaota matiti, nywele za mwili ni chache, mfuko wa uzazi hana. Misuli yake haikupata chochote kutokana na homoni ile. Mkimbiaji wa viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño, alikuwa na hali hii. Alikwama kwenye kipimo cha kromosomu mwaka 1985 huko Kobe, akapoteza nafasi yake katika timu, rekodi na faragha, akarudishiwa ruhusa mwaka 1988 baada ya vita vya miaka.

Wanawake hawa wawili watatoa jibu lile lile kwenye kipimo cha SRY. Mmoja ana faida kubwa ya misuli, mwenzake hana hata chembe. Kipimo peke yake hakiwezi kuwatenganisha.

Kuna pia njia ya kinyume: msichana wa XX ambaye tezi zake za juu ya figo hutoa androjeni nyingi kutokana na hitilafu ya kuzaliwa. SRY hana, kwa hiyo atapita moja kwa moja, hata homoni zake zikiwa juu kuliko za wenzake.

Kwa vipimo, testosteroni ya mwanamke mwenye afya huwa kati ya nanomoli 0.1 na 1.8 hivi kwa lita. Ya mwanamume, kati ya 7.7 na 29.4. Pengo liko wazi, viwango havigusani. Balehe ya kiume ndiyo huacha alama: mifupa mirefu na minene, moyo mkubwa, damu yenye himoglobini zaidi, na hasa misuli ya juu, ya bega na mkono. Watafiti wa Utah mwaka 2020 walipima nguvu ya mwendo unaofanana na kutupa konde, wakapata wastani wa wanaume unazidi wa wanawake kwa asilimia 162. Kwenye mbio pengo ni kama asilimia 10 hadi 12. Uzani sawa hauzibi tofauti hiyo, kwa kuwa kilo 66 za aliyepitia balehe ya kiume hazigawanyiki mwilini kama kilo 66 za mwenzake. Na kwenye mbio aliyeonewa hupoteza medali. Ulingoni anaweza kupoteza jicho. Kwa hiyo wanaosema pasipoti yatosha kwenye ndondi, kwa maoni yetu, hawajalitazama lile konde linatua wapi.

Vipimo vilivyojaribiwa na kuachwa

Mambo haya si mapya. Mwaka 1966 kwenye mashindano ya riadha ya Ulaya, Budapest, wanawake walipitishwa uchi mbele ya madaktari. Aibu ile ilileta kipimo cha kromatini kwenye Olimpiki za 1968, seli za shavuni zikitazamwa kwa hadubini kuona kama kuna X ya pili. Kilikuwa rahisi, kikawaumiza watu kama Martínez-Patiño. Kuanzia 1992 kikatumika cha SRY. Atlanta 1996 walipimwa wanawake 3,387, wanane wakakutwa na SRY, yaani mmoja katika kila 420 hivi, na wote wanane waliruhusiwa kushindana baada ya uchunguzi zaidi: saba walikuwa na hali ya kutohisi androjeni, mmoja alikuwa na ule upungufu wa kimeng'enya lakini korodani zilikwisha ondolewa. IOC ikaona inawasumbua wengi bila kumkuta mdanganyifu hata mmoja, ikauacha upimaji wa jumla mwaka 1999.

Riadha ikaenda njia ya homoni. Mkimbiaji Caster Semenya wa Afrika Kusini alipoibuka Berlin 2009, zikafuata kanuni za kikomo cha testosteroni: nanomoli 10 kwa lita, kisha 5, kisha 2.5 kuanzia 2023. Wakenya wanalijua hili kwa uchungu: medali zote tatu za mita 800 Rio 2016 zilichukuliwa na wanawake waliokuja kuguswa na kanuni hizo, Semenya, Francine Niyonsaba wa Burundi, na Margaret Nyairera Wambui wetu. Mkimbiaji Annet Negesa wa Uganda alifanyiwa upasuaji wa kushusha testosteroni mwaka 2012 ambao mwenyewe anasema hakuelezwa sawasawa. Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema Semenya hakusikilizwa kwa haki nchini Uswisi, ila haikuifuta kanuni.

Sasa gurudumu limerudi kwenye SRY. World Athletics, shirikisho la riadha duniani, ilianza kutumia kipimo hicho tarehe 1 Septemba 2025. Kwenye ndondi, chama kipya World Boxing, kilichoundwa Aprili 2023 na kupewa utambuzi wa muda na IOC Februari 2025, kilitangaza upimaji wa lazima mwishoni mwa Mei 2025, kikamtaja Khelif kwa jina, halafu rais wake akaomba radhi kwa kumtaja. Kanuni ilianza Agosti, na mashindano ya dunia ya Liverpool, Septemba 2025, yakawa ya kwanza kuitumia. Khelif aliipeleka CAS, ambayo ilikataa kuisimamisha wakati kesi ikisubiri.

Kijiti cha pamba

Kanuni ya World Boxing inamhusu bondia aliyepita miaka 18. Kupima ni mara moja maishani, na ni wajibu wa chama cha taifa kuleta cheti anapomwandikisha mchezaji. Sampuli yaweza kuwa mate, damu au seli za ndani ya shavu. Ya shavu ndiyo nyepesi kwa mtu wa Lamu au Malindi, na ndiyo inayoharibika kwa uzembe.

Bondia asile wala kunywa kitu nusu saa kabla, kisha asukutue kwa maji safi. Mabaki ya tambuu au muguka yana kemikali za mimea zinazoweza kuzuia mmenyuko wa maabara, basi siku hiyo aviache. Kijiti kisugue ndani ya shavu, kila upande kama nusu dakika, kwa kukaza, maana zinazotakiwa ni seli na mate matupu hayafai. Ncha isiguswe. Kiachwe kikauke hewani, kitiwe kwenye bahasha ya karatasi. Plastiki kwenye joto na unyevu wa pwani huotesha kuvu, na sampuli ikioza kabla ya kuvuka kutoka Lamu hadi Mokowe na kupanda basi, kazi ni kuanza upya. Iliyokauka vizuri huvumilia safari bila barafu. Jina, namba ya kitambulisho, tarehe, saa na sahihi ya aliyechukua viandikwe pale pale, bahasha ifungwe mbele ya bondia.

Kosa kubwa zaidi ni uchafuzi. Maabara huzidisha kipande cha jeni kwa mizunguko 30 hadi 40, kila mzunguko ukiongeza maradufu. Mizunguko 30 hugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni moja. Kwa hiyo seli chache za mwanamume aliyeshika kijiti zatosha kumpa mwanamke SRY asiyokuwa nayo. Achukuaye sampuli avae glavu na barakoa, na afadhali awe mwanamke. Bondia asinywe chupa moja na wavulana wa mazoezini, asiazime kilinda meno, na hata busu la mume lisubiri. Damu nayo ina mitego yake: mjamzito wa mtoto wa kiume huwa na Y inayoelea kwenye damu, na aliyewahi kupandikizwa uboho wa kakake ataonyesha damu ya kakake.

Maabara inayojua kazi yake hupima pamoja na sampuli ya mwanamume anayejulikana, ya mwanamke anayejulikana, na kichupa cha maji matupu. Kichupa cha maji kikionyesha SRY, matokeo yote ya siku hiyo yatupwe. Inapima pia jeni nyingine ambayo kila mtu anayo. Bila hiyo, jibu la "hakuna SRY" laweza kuwa na maana kwamba kijiti kilikuwa kitupu. Muulizeni mtu wa maabara mambo haya kabla ya kulipa.

Jibu likija "ipo"

Hapa ndipo ugumu ulipo, na ndilo jambo ambalo wanaosifu wepesi wa kijiti hulipita haraka. Kwa kanuni ya World Boxing yenyewe, SRY ikionekana, bondia anapelekwa kwa wataalamu huru: uchunguzi zaidi wa jeni, kipimo cha homoni, uchunguzi wa maumbile. Mwenye hali ambayo mwili haukupata athari ya kiume anaweza kubaki kwa wanawake. Lakini uthibitisho huo wahitaji daktari bingwa wa homoni, na bingwa huyo kwa mtu wa Faza au Maweni yuko Mombasa au Nairobi. World Athletics ilichangia hadi dola 100 kwa kila kipimo cha kwanza. Kinacholemea ni hatua ya pili, na anayeshindwa kuilipia atahukumiwa kwa ile ya kwanza. Hata matajiri hukwama: mabondia watano wa Ufaransa walikosa Liverpool kwa sababu majibu hayakufika kwa wakati, sheria ya nchi yao ikiwa imebana upimaji wa jeni nyumbani.

Kwa hiyo kocha wa wasichana hapa Malindi asisubiri barua ya safari ndipo apeleke watu kupima. Aanze miezi kadhaa mbele, na aanze na swali ambalo halihitaji maabara. Msichana wa miaka 15 ambaye hajaona hedhi amwone daktari, awe bondia au asiwe. Sababu huwa nyingi, mazoezi makali na kupunguza uzani zikiwamo. Lakini korodani zilizobaki tumboni zaweza kugeuka saratani, na hali kama ule upungufu wa kimeng'enya hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ikionekana zaidi katika koo zinazooana binamu kwa binamu. Pwani tunazijua koo hizo. Mazungumzo haya yafanywe na mama au shangazi yake chumbani. Ukumbi wa mazoezi si mahali pake.

Siri ilindwe kisheria, kwa sababu sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka habari za afya na za jeni katika kundi la data nyeti. Hakuna kiongozi wa klabu mwenye haki ya kutuma jibu la msichana kwenye kundi la WhatsApp, wala ya kumwambia mwandishi wa habari "huyo ana kasoro". Karatasi ya idhini iandikwe kwa lugha anayoielewa, itaje maabara, itaje nani atapokea jibu na litahifadhiwa muda gani, na aliye chini ya miaka 18 mzazi atie sahihi pamoja naye. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inamtambua mtoto huntha, mwenye maumbile ya kike na ya kiume, na kukataza kumfanyia upasuaji wa kubadili viungo bila ushauri wa mtaalamu. Sensa ya 2019 iliwahesabu huntha 1,524 nchini. Asije mtu akamshauri mzazi akate kwanza ili mtoto acheze.

Na bondia akikataliwa, aombe uamuzi kwa maandishi siku hiyo hiyo, wenye kifungu cha kanuni, jina la maabara na tarehe ya sampuli. Aombe pia kipimo kirudiwe na maabara nyingine. Rufaa ya CAS, kanuni ya chama isipotaja muda mwingine, hufungwa baada ya siku 21 tangu uamuzi upokelewe, na ada ya kuifungua ni faranga 1,000 za Uswisi. Asiye na uwezo anaweza kuomba mfuko wa msaada wa mahakama hiyo. Baada ya Delhi, Lin hakukata rufaa. Khelif, kwa maelezo ya IBA, aliifungua kisha akaiondoa. Kwa hiyo uamuzi ule wa 2023, uliozua yote haya, haukuwahi kupekuliwa na jaji yeyote.